KIFYONZA VUMBI CHA MKONO KWA USAFI WA NDANI YA GARI: MAMBO YA KUZINGATIWA KABLA YA KUNUNUA

Gari ni amana. Likiwa la Serikali, ni amana ya umma iliyowekwa mikononi mwa dereva na mkuu wa ofisi. Likiwa la mtu binafsi, ni mali ambayo aghalabu imepatikana kwa akiba ya miaka mingi. Hata hivyo, ni jambo la kawaida kuliona gari limeoshwa nje likang'ara mithili ya kioo, ilhali ndani yake mazulia yamejaa mchanga, viti vimeshiba vumbi, na chini ya viti kuna mabaki ya vyakula ya wiki kadhaa. Makala haya yanakusudia kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla namna ya kuchagua kifyonza vumbi kidogo cha kuchukulika, ambacho madukani hujulikana zaidi kwa jina la vakyumu, ili fedha inayotumika ilete manufaa yaliyokusudiwa.

Madhara ya mchanga na chumvi

Wakaazi wa visiwa wana sababu ya ziada ya kulizingatia suala hili. Mchanga mweupe wa fukwe za Nungwi, Paje na Jambiani hutokana kwa sehemu kubwa na mabaki ya matumbawe na makombe yaliyosagika. Chembe zake huingia ndani ya nyuzi za zulia la gari, na kila abiria anapokanyaga, chembe hizo huzikata nyuzi kidogo kidogo hadi zulia likalika. Aidha, mchanga wa pwani hubeba chumvi, na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Kwa hiyo zulia lenye mchanga wa bahari haliwi kavu hata wakati wa kiangazi, na bati lililo chini yake huanza kupata kutu bila ya mwenye gari kutambua. Kutu hiyo hugundulika wakati sakafu imekwisha kutoboka, na matengenezo yake ni ghali kuliko kifyonza vumbi chochote.

Kwa upande wa mashamba, kuna vumbi la udongo mwekundu, vumbi la karafuu na makonyo katika magari yanayobeba mazao, na unyevu wa mwani katika magari ya ukanda wa mashariki ya Unguja. Vumbi laini hupanda hewani kila kipoza hewa kinapowashwa, likavutwa na abiria. Kwa mtu mwenye maradhi ya pumu, na kwa watoto wadogo, hili si suala la mapambo bali ni suala la afya.

Ufagio wa chelewa na brashi vina kazi yake, lakini haviwezi kuutoa mchanga uliokwisha kuzama ndani ya zulia. Mara nyingi vumbi laini hurushwa tu hewani, kisha likarudi pale pale baada ya dakika chache. Hapo ndipo inapokuja haja ya mashine.

Asili ya mashine na namna inavyofanya kazi

Mashine hii ina historia ya zaidi ya miaka 120. Mwaka 1901, mhandisi Hubert Cecil Booth wa Uingereza alibuni mashine ya kufyonza vumbi iliyokuwa kubwa kiasi cha kukokotwa kwa farasi. Ilisimama barabarani na mipira yake ikapitishwa madirishani. Mwaka 1908, James Murray Spangler wa jimbo la Ohio, Marekani, ambaye alikuwa msafishaji wa majengo na akisumbuliwa na vumbi kutokana na maradhi ya pumu, alipata hataza ya mashine ndogo ya umeme iliyoweza kusukumwa na mtu mmoja. Mwaka 1979 kampuni ya Black & Decker ikaingiza sokoni kifyonza vumbi cha mkono kisicho na waya, kilichoitwa Dustbuster, na tangu hapo mashine za aina hiyo zimeenea duniani kote.

Ni vyema ikaeleweka kwamba mashine hii haina nguvu ya ajabu. Ndani yake mna mota inayozungusha feni kwa kasi kubwa. Feni huitoa hewa iliyomo ndani, na shinikizo la hewa hapo hupungua. Hewa ya nje, yenye shinikizo kubwa zaidi, hukimbilia ndani kupitia mdomo wa mashine, ikachukua vumbi na mchanga njiani. Uchafu hubakia katika chombo chake, na hewa hupita katika kichujio kabla ya kutoka nje. Basi kazi ya mashine inategemea mambo matatu: mota, kichujio, na kutokuwepo kwa mwanya unaopitisha hewa pasipostahiki. Moja likiharibika, yote huharibika.

Aina zilizopo madukani

Kwa matumizi ya gari, zipo aina tatu kuu.

Ya kwanza ni ile inayochomekwa katika tundu la kuwashia sigara lililo kwenye dashibodi. Hutumia umeme wa volti 12 wa betri ya gari. Ni rahisi kwa bei, haihitaji kuchajiwa, na hufanya kazi popote gari lilipo. Udhaifu wake ni waya, na nguvu yake ina mpaka kama itakavyoelezwa.

Ya pili ni isiyo na waya, yenye betri yake ya ndani ambayo siku hizi aghalabu huwa ni ya lithiamu. Ni nyepesi na hufika kila pembe. Udhaifu wake ni muda mfupi wa kazi na uhai wa betri yenyewe, ambayo baada ya miaka kadhaa huchoka na mara nyingi haina ya kubadilishia.

Ya tatu ni inayochomekwa ukutani kwa umeme wa volti 230, na bora miongoni mwake ni ile inayofyonza vikavu na majimaji. Ndiyo yenye nguvu zaidi na huweza kulikausha zulia lililorowa mvua ya masika. Hata hivyo huhitaji gari lisogezwe karibu na umeme, na si nyepesi kubeba.

Katika kupima baina ya aina hizi, ikumbukwe kuwa umeme wa ukutani haupatikani kila mahali wala kila wakati. Wakaazi wa Unguja wanakumbuka kukosekana kwa umeme kati ya Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mashine inayotegemea betri ya gari haisimami kwa sababu kama hizo.

Kuzisoma namba zilizoandikwa kwenye boksi

Wanunuzi wengi hupotezwa na namba. Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kabisa huwa ni wati. Wati ni kipimo cha umeme unaotumiwa na mashine, si kipimo cha vumbi linalofyonzwa. Mashine mbili za wati 120 zinaweza kutofautiana sana kwa kazi, kwa sababu moja ina mota na feni nzuri na nyengine inaugeuza umeme huo kuwa joto na kelele.

Namba zenye maana zaidi ni mbili. Moja ni nguvu ya mvuto, ambayo hupimwa kwa paskali. Paskali 1,000 ni kilopaskali moja. Ya pili ni kiasi cha hewa kinachopita, ambacho hupimwa kwa lita kwa sekunde au kwa dakika. Mvuto ndio unaong'oa mchanga katika zulia, na hewa ndiyo inayouchukua. Mashine yenye mvuto mkubwa na hewa kidogo huushika mchanga bila ya kuusafirisha. Yenye hewa nyingi na mvuto mdogo huchukua nywele na makaratasi lakini huuacha mchanga. Yafaa kujua pia kwamba mvuto wa juu kabisa hupimwa wakati mdomo wa mashine umezibwa, na hewa nyingi kabisa hupimwa wakati mdomo uko wazi. Kwa hiyo namba hizo mbili hazipatikani kwa wakati mmoja katika kazi halisi.

Kwa kulinganisha, kifyonza vumbi kikubwa cha nyumbani huwa na mvuto wa takriban kilopaskali 20. Pindi mashine ndogo ya bei ya chini, inayokaa kiganjani, inapodai kuwa na mvuto kuliko huo, mnunuzi ana haki ya kutia shaka. Njia ya uhakika ni kuomba majaribio dukani: mchanga wa kijiko kimoja umwagwe juu ya kipande cha zulia, usuguliwe kwa kiatu ili uzame, kisha mashine ijaribiwe. Muuzaji mwenye bidhaa njema hana sababu ya kukataa.

Hesabu ya betri nayo si ngumu. Volti zikizidishwa kwa uwezo wa betri, ambao kwa kawaida huandikwa kwa miliampea kwa saa, hupatikana akiba ya umeme. Betri ya volti 7.4 na miliampea 4,000 ina akiba ya takriban wati 30 kwa saa. Mashine ya wati 120 itaimaliza akiba hiyo kwa dakika 15. Gari dogo moja laweza kusafishwa kwa muda huo iwapo kazi itafanywa kwa mpango. Basi la abiria haliwezi.

Volti: chanzo cha hasara nyingi

Jambo hili linahitaji hadhari ya pekee. Umeme wa majumbani hapa nchini ni wa volti 230. Vifaa vilivyotumika vinavyoingizwa kutoka Japani vimetengenezwa kwa umeme wa volti 100, na vya Marekani kwa volti 120. Kifyonza vumbi cha aina hiyo kikichomekwa ukutani moja kwa moja huungua, na chaweza kuwasha moto. Kabla ya kulipa, mnunuzi aigeuze mashine au chaja yake na kusoma kibandiko. Ikiwa imeandikwa 220-240 au 100-240, inafaa. Ikiwa imeandikwa 100 au 120 peke yake, haifai bila ya transfoma inayolingana na wati zake.

Kwa upande wa magari, gari dogo hutumia volti 12, lakini malori makubwa na mabasi mengi hutumia volti 24. Mashine ya volti 12 isichomekwe katika gari la volti 24. Vile vile, tundu la kuwashia sigara lina fyuzi yake, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 10, 15 au 20. Wati zikigawanywa kwa volti hupatikana ampea: mashine ya wati 120 katika gari la volti 12 hutumia ampea 10. Tundu lenye fyuzi ya ampea 10 litakuwa limefika ukomo wake, na fyuzi ikikatika si ruhusa kuweka kubwa zaidi au kuifunga kwa waya, kwani fyuzi ndiyo inayouzuia moto usianze ndani ya nyaya.

Kuhusu hofu ya kumaliza betri ya gari, mashine hiyo ikitumika kwa dakika 20 huchukua takriban ampea 3.3 kwa saa, na betri ya gari dogo huwa na akiba ya ampea 45 kwa saa au karibu yake. Betri nzima haitaathirika. Betri iliyochoka, hata hivyo, yaweza kushindwa kuliwasha gari baadaye, na katika hali hiyo ni afadhali injini iwashwe wakati wa kazi. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia.

Kichujio, mdomo na waya

Kichujio ndicho kinachotofautisha kusafisha na kutimua vumbi. Kichujio cha sponji au kitambaa huzuia mchanga, lakini vumbi laini hupenya na kurudi ndani ya gari kupitia upande wa nyuma wa mashine. Kwa familia yenye mgonjwa wa pumu, kinachofaa ni kichujio cha daraja la HEPA, ambacho kwa kipimo cha Marekani huzuia asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikromita 0.3. Neno HEPA huandikwa ovyo katika bidhaa za bandia. Kichujio cha kweli huwa ni cha karatasi nzito au nyuzi zilizokunjwa kunjwa, na hukaa mahali pake bila ya kuacha mwanya.

Mnunuzi aulize iwapo kichujio chaweza kuoshwa, na iwapo vichujio vya akiba vinapatikana hapa visiwani. Mashine nzuri isiyo na kichujio cha akiba haina umri mrefu. Kinachooshwa kiachwe kivulini kwa muda wa siku nzima hadi kikauke kabisa, kwani kichujio kibichi huota ukungu, hunuka, na huruhusu unyevu kuingia katika mota.

Gari limejaa pembe na mianya; kwa hiyo mashine iwe na midomo isiyopungua mitatu: mwembamba mrefu kwa reli za viti, wenye brashi laini kwa dashibodi, na mpana kwa mazulia. Iwapo mashine ina waya, urefu wake uwe karibu mita 5. Gari dogo lina urefu wa mita 4 au zaidi, na waya mfupi hautalifikia buti kutoka kwenye dashibodi.

Usalama

Kwanza, kifyonza vumbi chenye betri ya lithiamu kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto ndani ya gari lililofungwa laweza kupanda kwa nyuzi 20 na zaidi za Selsiasi kuliko la nje katika muda wa saa moja. Joto hilo huidhoofisha betri, na betri iliyoharibika au iliyovimba huweza kushika moto. Mashine ikitoka kufanya kazi iachwe ipoe kabla ya kuchajiwa, na chaja iwe ile ile iliyokuja nayo.

Pili, ni marufuku kufyonza petroli, mafuta ya taa au zulia lililomwagikiwa na vitu hivyo. Mota nyingi hutoa cheche, na mvuke wa petroli huripuka. Tahadhari hii inawahusu zaidi wanaobeba madumu ya mafuta ya boti ndani ya magari.

Tatu, jivu na makaa yenye moto, na vipande vya sigara visivyozimika, visifyonzwe. Vigae vya kioo viokotwe kwanza, kwa kuwa hukata kichujio. Mashine ya vikavu tu isitumike kwenye maji hata kidogo.

Ipi inamfaa nani

Mwenye gari moja dogo, hasa asiye na umeme karibu na anapoegesha, atatosheka na ya volti 12 yenye waya mrefu na kichujio kinachooshwa. Anayesafisha kidogo kidogo kila siku, kama dereva wa teksi, atanufaika na isiyo na waya, kwa sharti la kuiweka nyumbani na si garini. Mwenye daladala au gari la watalii, ambalo hurudi na mchanga wa pwani kila jioni, pamoja na ofisi zenye magari kadhaa, wanahitaji mashine moja ya ukutani ya vikavu na majimaji, yenye chombo cha lita 15 hadi 20. Ofisi isinunue mashine ndogo kumi kwa magari kumi. Moja kubwa iliyohifadhiwa vizuri hufanya kazi bora na huweza kudhibitiwa. Gharama ya umeme si ya kutisha: mashine ya wati 1,200 ikitumika kwa nusu saa hula uniti 0.6.

Maofisa wanaohusika na ununuzi wanakumbushwa kwamba maneno "vakyumu ya gari, moja" katika fomu ya kuomba bei hayatoshi, kwani humpa muuzaji nafasi ya kuleta chochote. Fomu itaje volti, mvuto kwa kilopaskali, kiasi cha hewa, aina ya kichujio, urefu wa waya, idadi ya midomo, vichujio vya akiba na muda wa dhamana. Mashine ikipokelewa, ijaribiwe mbele ya mpokeaji kabla ya kuingizwa katika daftari la bohari, na pawepo mtumishi mmoja mwenye jukumu la kuitunza.

Namna ya kusafisha

Kazi huanza juu na kumalizia chini, kwa sababu vumbi huanguka. Mazulia ya kuweka yatolewe na kukung'utwa nje kwanza. Dashibodi hufuatia kwa brashi laini, kisha viti na mikunjo yake, kisha reli, na mwisho sakafu na buti. Mdomo wa mashine upitishwe polepole, mara mbili au tatu, ukielekezwa upande mmoja na kisha upande wa pili; anayeharakisha huacha nusu ya mchanga ndani ya nyuzi. Kazi ikimalizika, chombo kimwagwe na kichujio kikung'utwe siku hiyo hiyo. Kwa gari la kawaida, mara moja kwa wiki yatosha. Gari lililotoka pwani lisafishwe siku ile ile, kabla chumvi haijavuta unyevu wa usiku.

Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mchanga wa leo katika zulia ndio kutu ya kesho katika sakafu, na vumbi lililoachwa katika viti ndilo linaloingia katika vifua vya abiria. Wakuu wa ofisi, madereva na wenye magari binafsi wanahimizwa kulifanya suala hili kuwa sehemu ya matunzo ya kawaida, sawa na kupima mafuta ya injini na upepo wa magurudumu, na wasome kibandiko cha mashine kabla ya kutoa fedha.